Mstari wa Shemeji

Meli yetu ilikuwa na jina rasmi, refu, la shujaa fulani, limechongwa kwenye shaba pale mlangoni. Hakuna aliyelitumia. Sisi tuliokuwa tukifanya kazi ndani yake tulimwita Kiherehere, kwa sababu alikuwa hawezi kwenda taratibu. Ukimwendesha polepole anatikisika na kulalamika, vikombe vinagongana jikoni, mabaharia wanatapika. Ukimwachia, anatulia, matumbo yake mawili membamba yanainuka kidogo majini, na kila mtu anakumbuka kwa nini alichagua kazi hii.

Hakuzaliwa mwanajeshi. Alizaliwa kivuko cha magari, cha watu wa likizo, mweupe, na chumba cha kuchezea watoto kilichochorwa pomboo ukutani. Mimi nilianza naye huko, fundi wa mitambo, msichana pekee kati ya wanaume kumi na wawili. Jeshi la majini lilipomnunua, miaka kumi na mmoja sasa, lilinichukua na mimi, kama sufuria inavyouzwa na mfuniko wake. Wakampaka rangi ya kijivu, chumba cha watoto wakakigeuza ghala la silaha. Pomboo hawakuwafuta. Mpaka leo bunduki zinaegemezwa kwenye mapezi yao.

Mwili wake wote ni alumini. Ana injini nne za dizeli, mbili kila tumbo, na hana panga hata moja la kusukuma maji linaloning'inia nje: ananyonya maji kwa chini na kuyatema kwa nyuma kupitia midomo minne mipana. Anaweza kugeuka palepale alipo. Kina cha mita tatu na nusu kinamtosha, kwa hiyo anaingia bandari ndogo ambazo manowari kubwa haziwezi hata kuzichungulia. Watu mia tatu juu, malori ishirini na matano chini, na ulimi wa nyuma wa kuyashushia bila kusubiri kreni. Siku zake za mwanzo jeshini, na mzigo wake mzima, alikwenda maili thelathini na nane za baharini kwa saa. Nilikuwepo. Niliiona sindano kwa macho yangu.

Mwaka wetu wa tatu mafuriko yalikata barabara zote za ng'ambo ya ghuba. Meli nyingine zingefika kesho yake. Sisi tulifika kwa saa tano, tukaingia mpaka pale mto unapomwaga tope lake, tukachukua watu mia sita, mara mbili ya viti tulivyokuwa navyo. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu, mimba imefika mwisho. Alijifungua njiani, kwenye sitaha ya malori, kati ya lori la mahema na lori la maji, mumewe amesimama na blanketi mikononi kama pazia, macho ameyafumba, analia kuliko mzazi mwenyewe. Siku hiyohiyo gogo lilimezwa na pampu namba mbili, likavunja panga moja la ndani. Tulifika hivyo hivyo. Kipande kilichovunjika nilikitoa mwenyewe baadaye, kama kilo tatu hivi za chuma cha pua, nikakiweka chini ya godoro langu. Mtoto tunamwita Kasi. Ana miaka minane na hakai kitako.

Huyo mume wa mdogo wangu, yaani shemeji yangu, ndiye msimamizi wa sitaha wa Kiherehere. Mabaharia wanamwita Brashi. Kamba, nanga, boti za kuokolea na rangi, vyote viko mikononi mwake, lakini anachokipenda ni rangi. Hakuna mgeni mkubwa aliyewahi kukanyaga gati yetu akakuta meli haijapakwa upya. Ule mstari mwekundu unaozunguka meli pale maji yanapogusana na mwili, aliupiga mwenyewe kwa mkono, bila kutetereka. Nilizoea kumtania, nikijifanya mume wa mdogo wangu, "Shemeji, ungempaka mke wangu mdogo wanja hivyo, angekupikia kila siku." Naye hujibu, "Kwanza huna mke, pili mke ni wangu mimi." Tulikuwa tunaelewana hivyo.

Barua ilisomwa asubuhi ya Jumatatu kwenye chumba cha kulia, na Kamanda, mtu wa maneno machache. Makao makuu yamechoka na Kiherehere. Anakula mafuta, na mwaka mzima hajawahi kupita maili thelathini na moja. Mkaguzi atakuja baada ya siku kumi. Meli ibebe tani mia tatu, itembee saa nne, iwe imekata maili mia moja na arobaini. Yaani thelathini na tano kila saa. Ikishindwa, inakatwa vipande na kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

"Alumini yote hii," mpishi akasema, "watatugeuza sufuria."

Watu wakacheka kidogo, kisha wote wakanigeukia mimi. Meli ikikosa mwendo, mwenye injini ndiye mwenye lawama.

"Fundi," Kamanda akasema, "mashine zimechoka?"

"Mashine zangu hazijachoka, Kamanda."

"Basi nani amechoka?"

Swali hilo lilinichoma. Injini zote nne nilizifungua na kuzifunga mwenyewe mwaka uliopita. Zinavuta vizuri, hazivuji, moshi wake safi. Nilitoka pale nimefura kama chapati, nikapima upya kila kitu siku mbili mfululizo. Hamna tatizo. Nikafikiria uzito, maana meli ya alumini inaogopa uzito kuliko inavyoogopa mawimbi. Nikaenda gatini nikatazama mstari mwekundu. Maji yalikuwa yamefika pale pale kwenye mstari, kama inavyotakiwa. Basi si uzito, nikasema. Nikarudi kuzitukana injini ambazo hazikuwa na kosa.

Siku ya tatu nilishuka kwenye kiboti kwenda kutazama midomo ya nyuma. Nikakaa pale nimeinama, mkono kwenye bomba, na kitu kikanisumbua bila kujua ni nini. Halafu nikajua. Enzi za kivuko, Kiherehere akiwa amefungwa gatini, nusu nzima ya kila mdomo ilikuwa juu ya maji. Tulikuwa tunatundika matambara pale yakauke. Sasa niliona ukingo wa juu tu. Midomo ilikuwa inasema meli imezama, mstari unasema haijazama. Mmoja wao alikuwa mwongo, na midomo imechomelewa, haiwezi kuhama.

Nikatoa patasi, nikaanza kukwangua rangi kwenye ubavu, mkono ukishuka chini ya maji mpaka begani. Kijivu, nyekundu, kijivu, nyekundu. Rangi ilitoka nene kama gamba la mkate. Kila tabaka lilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa juu kidogo ya ule wa chini yake: vidole viwili hapa, kidole kimoja pale. Mstari wa kwanza kabisa, ule wa kiwandani, niliukuta shubiri nzima chini ya maji.

Nilimkuta shemeji sitahani anachuja rangi kwenye ndoo.

"Shemeji, huu mstari wako unaupimia wapi?"

"Kwenye maji," akasema bila kuinua kichwa. "Wapi tena?"

"Unasubiri meli itulie, halafu unapiga mstari pale maji yalipofika?"

"Ndivyo nilivyofundishwa. Mstari ukizama unaota majani, unaonekana mchafu. Kila mwaka naupandisha kidogo. Hujaona ulivyonyooka?"

Nilitaka kumtupia ile patasi. Kwa miaka kumi na mmoja meli yetu ilikuwa inazama kidogo kidogo, na kila ilipozama yeye alikuja na brashi akaipaka ionekane haijazama. Kwa mapenzi. Kwa mkono usiotetereka.

Nilimvuta mkono mpaka kwenye kiboti, nikamwonyesha. Aligusa ule mstari wa kiwandani chini ya maji kwa vidole. Hesabu nilimfanyia kwa sauti: kila sentimita Kiherehere anayozama ni tani sita. Shubiri moja ni tani mia na ishirini. Tunatembea na tani mia na ishirini ambazo hatuzijui.

"Mimi ndiye nimemuua," akasema.

"Hajafa. Nyanyuka."

Kamanda alitusikiliza akiwa nyuma ya meza yake, meza ya mninga, kubwa, iliyohitaji watu wanane kuiingiza. Alipapasa ukingo wake. Kisha akasimama, akavua saa, akakunja mikono ya shati.

"Tuanze na hii," akasema.

Nimeona watu wakihama nyumba, sijawahi kuona kama ile. Mabaharia wetu walikulia kwenye meli za chuma, na kwenye meli ya chuma kabati moja zaidi si kitu. Kwa hiyo kila aliyepitia Kiherehere aliacha lake. Tulitoa makabati ya chuma arobaini na mawili, funguo za mengi zilishapotea. Tulitoa sefu mbili, moja imo ndani ya nyingine. Tulitoa mifuko ya mchanga ya zoezi la miaka saba iliyopita, nanga ya ziada ya meli isiyokuwa yetu, vyuma vya mazoezi vya mtu aliyekwisha kuhamishwa na kunenepa, zulia juu ya zulia juu ya zulia, na bamba la zege lililoshikilia mlingoti wa bendera ambao haukuwepo. Mpishi alitoa jiko la pili huku akililia kama msiba. Shemeji na watu wake waliinamia kuta na kukwangua rangi usiku na mchana, macho mekundu, bila mzaha. Ile rangi aliyoipaka yeye mwenyewe, tabaka kwa tabaka, aliikusanya kwenye mapipa na kuyapima. Tani saba. Hakumruhusu mtu mwingine aandike ile namba ubaoni.

Siku ya nane tulisimama wote gatini kutazama. Mstari wa kiwandani ulikuwa karibu kabisa, unaonekana chini ya maji. Ulibaki kidole kimoja na nusu. Hakuna aliyekuwa na kitu kingine cha kutoa.

"Na ameegemea kushoto," shemeji akasema. "Kila siku chai yangu huegemea kushoto. Nilidhani ni upepo."

"Ni upepo," nikasema haraka.

Akanitazama. "Leo hakuna upepo, shemeji. Kule chini kushoto, nyuma, kuna nini?"

Hapa lazima niseme ukweli, maana nimeshawasema wengine vya kutosha. Kule chini, tumbo la kushoto, kulikuwa na kijichumba changu. Ufunguo nilikuwa nao mimi peke yangu, shingoni. Mimi situpi kitu. Kila nilipobadilisha kifaa cha injini, cha zamani nilikisafisha, nikakipaka grisi, nikakifunga kwa gunia na kukiweka. Pistoni, vichwa vya silinda, pampu za mafuta, giaboksi nzima, mipira ya maji ya kila saizi. Nilikuwa nikiviita akiba. Jeshini ukiomba kifaa kipya unajibiwa mwakani, na mara ngapi Kiherehere alifika nyumbani kwa sababu mimi nilikuwa na kitu ndani ya gunia? Siku zote hizo, nilipokuwa nikiwafokea watu kwa ajili ya makabati, sikuwahi hata mara moja kukihesabu kile chumba. Sikukificha. Kwangu mimi hakikuwa uzito.

"Vile ni vifaa," nikasema. "Vile ni uhai wake."

"Hata mimi wangu niliuita mstari tu," shemeji akajibu.

Hakusema kwa ubaya. Nilivua ufunguo, nikampa, halafu nikaenda kukaa kwenye chumba cha injini mpaka kreni ilipomaliza, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka wadogo wangu wa kazi waone. Mimi sina mume, sina mtoto. Nilikuwa na meli, na nilikuwa nimeikalia kichwani kama wengine wote. Kreni ilipima tani kumi na nne. Nilipotoka, Kiherehere alikuwa amesimama wima, mstari wa kiwandani umetoka majini, umechakaa, mwekundu wa kale, unatiririka maji.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye saa mbili, moja kila mkono. Alipanda na mzigo wake wa tani mia tatu uliofungwa kwenye malori, akakaa chumba cha usukani, akakataa chai. Tulitoka saa mbili asubuhi. Mimi chini, shemeji akawa ananisomea mwendo kwenye simu ya ndani.

"Thelathini na nne," akasema. Kisha, "Thelathini na sita." Kisha sauti yake ikabadilika. "Shemeji. Thelathini na saba. Ameinuka! Ameinuka, namsikia miguuni!"

Hata mimi nilimsikia. Ule mtikisiko uliisha, injini zikaanza kuimba sauti moja, na vijana wangu wawili wakatazamana wakicheka, maana walikuwa hawajawahi kumjua Kiherehere wa kweli. Saa ya kwanza maili thelathini na saba. Ya pili thelathini na saba. Ya tatu thelathini na saba. Nikaanza kujifuta mikono kama mtu aliyekwisha kumaliza.

Dakika mbili baada ya saa ya tatu mpira wa maji ya kupoozea wa injini namba tatu ukapasuka.

Mvuke ulijaa chumba kizima. Nilipiga magoti, nikafikia swichi, nikazima namba tatu kabla haijajiunguza. Simu ikalia. Alikuwa Kamanda mwenyewe.

"Fundi. Mpira wa akiba unao?"

"Ninao, Kamanda. Uko gatini."

Niliuona kabisa ule mpira kwa macho ya moyo, umefungwa kwenye gunia la tatu kutoka mlangoni, ulivyolala juani juu ya lundo langu. Ungekuwepo ningeufunga kwa dakika ishirini. Lakini ungekuwepo, na zile tani nyingine kumi na nne zingekuwepo.

"Imebaki maili ngapi?" nikauliza.

"Ishirini na nane, kwa dakika hamsini na saba."

Nilifanya hesabu kidoleni kwenye grisi. Juma lililopita, mzito, kwa injini tatu, asingefika hata maili ishirini na tano kwa saa. Lakini huyu hakuwa yule.

"Nipe nafasi ya kuzisukuma tatu zilizobaki mpaka mwisho wake," nikasema. "Na usukani uende umenyooka. Usimkatishe mawimbi bila sababu."

"Zitastahimili?"

"Nilizifunga mimi."

Ile saa sitaisahau. Niliwaweka vijana mmoja kila upande, mkono kwenye bomba, wanipigie kelele joto likizidi. Namba nne ndiyo iliyonitisha, ilikuwa inafanya kazi ya watu wawili upande wa kulia. Nilimwagia bomba lake maji kwa ndoo, kama ng'ombe. Shemeji alikuwa anasoma kwenye simu bila kupumzika. Thelathini. Thelathini. Ishirini na tisa, upepo. Thelathini. Dakika za mwisho aliacha kusema namba, akawa anasema tu, "Twende, mama, twende, mama," na sikujua kama ananiambia mimi au meli.

Kisha nikasikia kishindo cha miguu huko juu, watu wengi wakirukaruka kwenye sitaha ya alumini.

Maili mia moja arobaini na nusu. Mkaguzi alitazama saa ya kulia, akatazama ya kushoto, akaandika. Alipokuwa anashuka aliomba ile chai aliyoikataa asubuhi. Kabla ya kunywa aliiweka juu ya meza, akaitazama, na Kamanda akamwambia, "Haiegemei tena."

Wiki iliyofuata Kiherehere aliinuliwa kwenye chelezo. Shemeji alipaka rangi tabaka moja, jembamba, akasimama kando akanipisha. Nilishusha kofia ya kuchomelea, nikapiga mshono wa alumini juu ya mstari wa kiwandani, kuanzia nyuma mpaka mbele, pande zote nne za matumbo yake. Hata apakwe mara mia, kidole kitaukuta. Shemeji alinifuata nyuma na brashi, akipaka nyekundu juu ya mshono ukiwa bado una joto.

Na sheria mpya ikawekwa: kinachoingia, sharti kitu cha uzito huohuo kitoke. Mzani ulisimama mlangoni, na nani mwingine wa kuusimamia kama si shemeji.

Siku ya kwanza nilikuja na mpira mmoja wa maji ya kupoozea, mmoja tu. Aliuweka kwenye mzani.

"Kilo tatu," akasema. "Nini kinatoka?"

"Shemeji, ni mpira mmoja."

"Na mimi ilikuwa kidole kimoja kimoja tu. Nini kinatoka?"

Nilimtazama nikitafuta utani usoni mwake, sikuuona. Nikageuka, nikashuka mpaka chumbani kwangu, nikainua godoro. Kile kipande cha panga kilikuwa palepale, kimeacha alama ya umbo lake kwenye mbao. Kilikuwa kitu cha mwisho nilichokificha. Kilisafiri na sisi hata siku ya mkaguzi, na sikumwambia mtu.

Nilikiweka kwenye mzani. Alikijua mara moja, maana siku ile alikuwa amesimama na blanketi hatua kumi kutoka kilipovunjika. Sindano ilisimama kilo tatu na kidogo. Alitoa kitambaa chake safi, kile cha kufutia brashi, akakifunga vizuri.

"Nitampelekea Kasi," akasema. "Aambiwe alivyozaliwa."

"Mwambie ni kizito."

"Nitamwambia." Akauchukua ule mpira mzanini, akanirudishia mkononi. "Pita, shemeji."

Nikapita.